Tundu la mende: "8. … K." ni kombania gani ya Mjerumani?

Kitete82:
Shikamooni wakubwa. Marehemu bibi ametuachia kopo la biskuti, ndani mna karatasi ya baba yake aliyekuwa askari wa Mjerumani. Inasomeka "Omb.", jina lake, 1917, halafu "8.", tundu lililotafunwa na mende, kisha "K." Nimeona kombania ya 8 ilikaa Tabora 1914, nasi ni Wanyamwezi wa hapa hapa. Kwenye kitabu cha ukoo nimeshaandika 8. Feldkompanie. Niko sahihi?

MzeeMakabrasha:
Marahaba. Andika kwa penseli kwanza. Omb. ni ombasha, koplo wa siku zile, hapo hakuna ubishi. Ila za nane zilikuwa mbili. F.K. ni Feldkompanie, yaani kombania ya uwanjani, zile 14 zilizokuwepo kabla ya vita na nyingine zilizoongezwa baadaye. Sch.K. ni Schützenkompanie, yaani kombania ya wapiga bunduki, zilizoundwa vita vilipoanza. Sch.K. ya 8 ilipigana Tanga, Novemba 1914. Tundu lina upana gani? Chini ya mstari hakuna kimkia cha herufi kilichosalia?

NgwanaSikonge:
Mzee, Sch.K. si zilikuwa za masetla? Mnyamwezi angeingiaje?

MzeeMakabrasha:
Mwanzoni ndiyo. Malaria na risasi vikawapunguza Wazungu, ikabidi zitiwe askari weusi. Kufikia 1917 tofauti ilikuwa karibu jina tu.

Kitete82:
Nimeipeleka dirishani. Kwenye tundu kidole gumba kinapita. Chini ya mstari kuna kitanzi chembamba cha wino wa kahawia.

MzeeMakabrasha:
Basi hiyo ni h. Katika mwandiko wa zamani wa Kijerumani h hushusha kitanzi chini ya mstari. F kubwa haina kitanzi cha namna hiyo. Mimi naweka Sch.

Na tafadhali, usije ukaandika kuwa alifika na Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Mjerumani, hadi Abercorn (Mbala ya leo, Zambia) aliposalimu amri tarehe 25 Novemba 1918. Kila familia inataka babu yao awe alifika Abercorn! Kabla ya kuvuka Ruvuma mwisho wa 1917 mamia waliachwa nyuma, wagonjwa na wazima. Karatasi yako inaishia 1917, nawe ishia hapo.

Piga picha pande zote mbili, mwanga utokee ubavuni. Na isiende steshenari kupigwa laminesheni.

Kitete82:
Mzee! Mjomba ameondoka nayo sasa hivi, na hela ya laminesheni mkononi. Ngoja nimkimbilie.