Ushauri wakuu: MTB ya mtumba au graveli kwa safari ya Lushoto hadi Mtae?

Mpanda_Pugu
Wakuu, habari za muda huu. Nataka kununua baiskeli mwisho wa mwezi na nimebaki na mbili. Moja ni MTB, yaani baiskeli ya milimani, ya mtumba, tairi za inchi 29, shokapu mbele, breki za diski. Nyingine ni graveli, ile yenye usukani wa pembe za kondoo kama ya resi lakini tairi zake nene kidogo. Kuna jamaa zangu wamenialika twende Lushoto, tuendeshe mpaka Mtae. Nichukue ipi?

Mama_Cheni
Tukushauri kwa ramli? Bajeti hujataja, urefu wako hujataja, saizi ya fremu hujataja, mwezi wa safari hujataja. Na hiyo graveli ni mpya au nayo mtumba?

Kobe_wa_Mlima
MTB. Funga uzi.

Daktari_Spoku
Usifunge. Jamaa anaitwa Mpanda_Pugu, maana yake anakaa Dar. Mtae ataenda mara moja kwa mwaka, siku zilizobaki atakuwa kwenye lami na vumbi la Kisarawe. Kuburuza MTB yenye shokapu kwenye lami kutoka mjini mpaka Pugu ni adhabu. Graveli yenye tairi za milimita 45 inakufikisha huko kote na bado unarudi nyumbani una nguvu za kula.

Mpanda_Pugu
Samahanini. Bajeti milioni moja na laki nne, kofia ngumu humo humo. Urefu sentimita 176. Zote mbili ni mtumba. Safari ni Novemba.

Mama_Cheni
Novemba? Katikati ya vuli? Na hao jamaa zako wamewahi kufika huko?

Mshambaa_wa_Soni
Niseme mimi niliyezaliwa huko. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni lami, inapita Soni kwenye maporomoko, na ni kupanda tu, kwa hiyo wengi huwa wanapandisha baiskeli kwenye basi na kuanzia Lushoto. Ukitoka Lushoto unaanza tena kupanda kwenda Magamba, unapita msitu wa hifadhi, baridi hata mchana. Mbele ni Shume na mashamba ya mboga, halafu unaifuata barabara ya juu mpaka Mtae, unasimama ukingoni unaitazama nyika ya Mkomazi iko chini kabisa.

Shida ni udongo. Ule mwekundu ukilowa unaganda kwenye tairi, unajaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linagoma. Graveli nyingi nafasi hapo ni ndogo, hasa ukishaweka hizo tairi nene anazozisifia Daktari. Utakuwa unashuka kuchokoa tope kwa kijiti kila mara. Kuna watu nimewaona wanazibeba begani.

Na malori ya mboga yanayoshuka kwenda Dar, kwenye kona kaa kushoto kabisa. Hayakungoji.

Daktari_Spoku
Kwa tope nakubali. Lakini mwenye MTB naye hatapita raha, atachokoa mara chache zaidi tu.

Kobe_wa_Mlima
Na mlima je? Hesabu sproketi. Graveli nyingi ndogo ya mbele ina meno 30, kubwa ya nyuma 34. Pedeli ikizunguka mara moja, gurudumu linazunguka 0.88. MTB zile zenye sproketi tatu mbele, meno 22 kwa 34, ni 0.65 hivi. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama Magamba unapanda umekaa au unasukuma huku watoto wa shule wanakupita na madaftari yao.

Mpanda_Pugu
Hiyo MTB ina sproketi moja tu mbele. Ni mbaya?

Mama_Cheni
Si mbaya, hesabu meno tu, ya mbele na ile kubwa kabisa ya nyuma. Nyuma ikiwa na 42 au zaidi na mbele 32 au chini, unapanda. Na ukumbuke cheni ya mtumba inakuwa imechakaa pamoja na sproketi zake. Ukiweka cheni mpya juu ya meno yaliyokwisha itaruka ukikanyaga kwa nguvu. Tenga hela ya vyote.

Tandiko_Gumu
Mnabishana meno, mimi nitawaambia kuhusu breki, maana ndizo zilizonipeleka kushonwa goti.

Tulikuwa wanne, njia hiyo hiyo, yangu MTB ya mtumba yenye breki za diski za mafuta. Asubuhi ya kuondoka Lushoto mkono wa breki ya mbele ukawa laini, ukiubana unagusa usukani. Tukamtafuta fundi, tukampata wa pikipiki, kijana mwepesi na mwenye heshima. Akasema mafuta yamepungua, akafungua kifuniko, akajaza mafuta ya breki ya pikipiki, akapampu mpaka hewa ikaisha. Breki ikakaza kuliko siku niliyoinunua. Tukamlipa, tukamshukuru, tukaondoka.

Siku hiyo yote safi. Tukalala Mtae. Kesho yake wakati wa kurudi nikaanza kuona mkono wa breki ukibanwa unarudi kwa uvivu. Nikadhani ni baridi. Kumbe breki zile zilitaka mafuta ya madini, na mafuta ya pikipiki yalikuwa yanazivimbisha raba za ndani. Kwenye mteremko mrefu pedi zikang'ang'ania diski, nikasikia harufu ya kuungua, na kabla sijasimama gurudumu la mbele likakaza. Nilipaa juu ya usukani nikatua mtaroni. Bahati nzuri lori la kabichi lilikuwa nyuma kwa mbali. Baiskeli ilirudi Lushoto juu ya bodaboda na mimi juu ya nyingine. Dar nikaambiwa breki yote ya mbele ni ya kutupa.

Kwa hiyo swali langu kwako: hizo diski ni za mafuta au za waya?

Mpanda_Pugu
Pole sana kaka. MTB ni za mafuta. Graveli ni za waya.

Daktari_Spoku
Pole mkuu. Kwa faida ya wengine: breki za kampuni ya Shimano hutumia mafuta ya madini, za SRAM nyingi hutumia DOT, yaani mafuta ya breki kama ya pikipiki, ingawa siku hizi wana za madini pia. Kwenye kifuniko huwa imeandikwa. Waya hauna mambo hayo, ukikatika fundi yeyote wa kijijini anao. Pointi moja kwa graveli!

Kobe_wa_Mlima
Breki za waya kwenye mteremko wenye tope, vidole vinakufa ganzi. Anunue MTB, abebe kichupa chake cha mafuta sahihi.

Raba_na_Tope
Mimi naona mnateseka bure. Nunua raba zenye meno, kimbia. Hakuna cheni, hakuna pancha, na vile vijia vya ndani ya msitu wa Magamba baiskeli hazivifaidi. Pesa inayobaki unajiandikishia mbio za Moshi.

Mama_Cheni
Mkuu, mtu ameuliza baiskeli.

Raba_na_Tope
Nimemshauri kiafya tu dada. Halafu kuna yeyote humu anayecheza ule mchezo wa kutafuta vikasha vilivyofichwa kwa kutumia GPS? Ulianzia Marekani Mei 2000, serikali yao ilipoacha kuvuruga mawimbi ya GPS kwa raia. Nataka kuficha kimoja Irente, huko huko Lushoto.

Mshambaa_wa_Soni
Ukikificha Irente watoto watakiona kabla hujafika stendi.

Mzee_Foniksi
Vijana, mmesahau vipuri. Tairi ikipasuka Shume, utapata wapi ya 29? Graveli ni 28, na tairi za 28 za Phoenix ziko kila duka la kijijini. Achukue graveli.

Daktari_Spoku
Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, haitaingia. Tairi ya graveli, ile inayoandikwa 700, inakaa kwenye rimu ya kipenyo cha milimita 622, na MTB ya 29 ni 622 hiyo hiyo. Phoenix ya 28 kwa moja na nusu ni 635. Itapwaya.

Mzee_Foniksi
Marahaba. 28 ni 28. Nimefunga tairi hizo tangu hujazaliwa.

Mama_Cheni
Mzee, ulifunga kwenye rimu za Phoenix. Angalia ubavuni mwa tairi, utaona 40-635.

Mpanda_Pugu
Kwa hiyo nibebe tairi ya akiba? Mwenye MTB amekubali kushusha elfu themanini, ila bado graveli inanivuta…

Tandiko_Gumu
Kabla ya bei, muulize mafuta ya breki yalibadilishwa lini na aliweka yapi.

Mzee_Foniksi
Ninayo tairi ya 28 bandani na rimu ya graveli ya mjukuu. Kesho navaa miwani napima, nitaleta majibu.

Daktari_Spoku
Sawa mzee, ila pima ukingo wa ndani wa tairi, usipime wa nje.