Hasira yenye nilizaliwa nayo: nipigane nayo ao nijikubali vile niko?

Mama_Katuba
Bandugu, jambo yenu. Niko na swali inanisumbua mu roho, na ku kanisa yetu naogopa kuiuliza juu pale kila kintu balishamaliza kukipatia jibu. Miye nakasirikaka mbio sana. Haiko mu barabara na bantu ba inje, ni mu nyumba: mutoto akimwanga maji, bwana akichelewa bila kunijulisha, mara moja sauti inapanda na maneno inatoka yenye siwezi tena kurudisha. Baba yangu alikuwaka vile, na nkambo naye banasema alikuwaka vile. Nimefunga, nimekesha, baliniwekea mikono bakasema ni roho ya ukoo, nikatulia kidogo kisha ikarudia. Sasa yaya yangu, naye ni muntu wa sala kabisa, ananiambia wacha kujitesa, Mungu njo alikuumba na damu ya moto, jikubali. Nikisikia ile neno nafurahi, kweli, inanitua muzigo. Lakini niliona mutoto wangu mukubwa anakemea mudogo yake na maneno yangu yenyewe, na sauti yangu. Tangu pale ile furaha imekwisha. Sasa muntu mwenye anakomaa mu roho anakuwaka muntu mwingine, ao anabakia yeye? Munijibu na moyo, si kutupiana mistari tu.

Kijana_Kampemba
Mama, yaya yako anakupenda lakini mi siko upande wake. Ile "njo vile niko" bantu wengi banaitumika kwa kufunga mulango, na benye banalipa ni batoto. Mistari kidogo utanivumilia. Yakobo na Yoane, Yesu alibaita wana wa ngurumo, Marko 3, na siku Wasamaria balikatala kubapokea bakataka moto itoke mbinguni iunguze kijiji yote, Luka 9. Akabakemea. Lakini hakubafukuza, na hakubaambia bakuwe bapole kwanza njo bamufwate, alitembea nabo na ngurumo yabo. Petro naye: ule woga wa macho ya bantu wenye ulimufanya amukane Yesu, unaukuta tena kule Antiokia, Wagalatia 2, Paulo anamukemea mbele ya bantu, na apo alishapokea Roho Mutakatifu zamani! Kwa hiyo muntu akikuambia sala moja ya butuku itaondoa hasira yote, na kama haitoke ni wewe hauna imani, anakubebesha kintu yenye hata mitume habakuwa nayo. Endelea kufunga. Ukianguka usiseme Mungu amekuacha.

Mtoto_wa_Jamaa
Mi naingia na njia ingine juu bankambo bangu balikuwa mu Jamaa, ile kikundi ya Wakatoliki ba ndoa. Batoto ba leo habajue: kulikuwa padri mumoja mufransisko wa Ubelgiji, Placide Tempels, kitabu yake juu ya mawazo ya Bantu ilitoka 1945 apa apa Lubumbashi, wakati ule bado Elisabethville. Kisha mu myaka ya 1950 kule Kolwezi, yeye na bafanyakazi ba Union Minière, kampuni ya migodi, na bibi zabo, njo Jamaa ikazaliwa. Bale habakuanza na kuuliza uko na zambi gani, balianza na kuuliza muntu ni nini, anatafuta nini ndani yake. Na jibu yabo ilikuwa maneno tatu: uzima, uzazi, mapendo. Kwabo asili ya muntu haikukuwa adui ya Mungu, ni fasi yenye unaanzia. Lakini apa njo nataka unisikilize vizuri, mama: ile uzima hauwezi kuifikia peke yako. Baba na mama banakaa, banaambiana mawazo yote, hata yenye inauma. Nkambo yangu mwanamuke alikuwa mukali mpaka kufa kwake, kila muntu ku cité alijua. Lakini bwana yake alijua ukali unatokea wapi, juu alishamuambiaka yote, na akiona inaanza kupanda alikuwa anatuita shiye batoto tutoke naye inje. Uliandika mengi juu ya kukesha. Bwana yako haukuandika kama anajua.

Kijana_Kampemba
Hiyo ni ya kweli, lakini usifanye bwana akuwe dawa. Bengine wakisikia siri ya bibi banamupigia nayo kesho yake.

Mtoto_wa_Jamaa
Ndiyo, bako. Yeye njo anamujua wake.

Abu_Ruashi
Mi niko muislamu, munipokee. Iko hadithi mu kitabu ya Abu Daudi, mwenye alikusanya maneno ya Mtume, ya mutu anaitwa Ashajj, wa kabila ya Abdul Qais. Mtume (s.a.w.) alimwambia uko na tabia mbili Mungu anazipenda, uvumilivu na kutokuwa na haraka. Akauliza: ni miye nilijipatia hizi ao Mungu aliniumba nazo? Akajibiwa, Mungu njo alikuumba nazo, na yeye akashukuru. Sasa sisi wengine hatukuumbwa na ule uvumilivu, na kwa sisi iko ingine, mutu aliomba wasia akaambiwa usikasirike, akarudilia kuomba, jibu ile ile. Wanazuoni wengi wanaeleza haisemi usisikie hasira, juu hasira inakuya yenyewe, inasema usiifuate kwenye inataka kukupeleka. Tena tukafundishwa kintu ya mwili kabisa: kama umesimama, ikala chini, na kama bado haiishi, lala. Fanya hivyo mbele ya batoto, waone mama anaikala.

Mama_Katuba
Aksanti sana bote. Mtoto_wa_Jamaa umenigusa, bwana hajue vile tulikuwa tunaishi na baba, sikumuambiaka, nilikuwa naona ni haya ya kwetu. Nitamuambia, si muntu wa kunirudishia siri. Kuikala chini naweza kuanza leo. Lakini uyu mutoto mukubwa, naye nimuambie? Ao bado mudogo?

Mtoto_wa_Jamaa
Kama anajua kukemea sawa wewe, anaweza kusikia. Muambie mbele ya mudogo yake.