Nyie wasimulia muvi wa dakika kumi, mnapata faida gani kumtaja muuaji kwenye kichwa cha habari?

Wakuu habari za mchana, leo sina salamu ndefu maana nimekereka kupita kiasi.

Kuna hizi chaneli za kusimulia muvi zimejaa kila kona, mnazijua. Jamaa anachukua picha ya saa moja na nusu anaikatakata anakuletea dakika kumi, sauti inakimbia kama ya dalali wa mnadani, kila mwanaume kwake ni "jamaa" na kila mwanamke ni "huyu mdada", steringi akitaka kufa unaambiwa kabla hajafa. Kwa muvi za kupigana wala sina ugomvi, huko hata ukijua mapema nani kampiga nani ngumi zinabaki ngumi tu. Ila sasa wamehamia kwenye vitu vyangu. Wameingia kwenye riwaya za upelelezi, wakaingia kwenye zile hadithi za majumba ya kale na korido ndefu na mtu anatembea na mshumaa usiku wa manane, juzi naona wamefika mpaka kwenye picha za mazimwi za miaka ya 30, na huku ndo wanaharibu kabisa maana huku kitu chenyewe unachokilipia NI kutokujua.

Moja (siitaji jina, sitaki kuipa views) imechukua riwaya ya Agatha Christie ile ya 1926, wapenzi mnaijua ipi, na kichwa cha video ndo jibu lenyewe. Sio kwamba limetajwa ndani huko dakika ya nane, kichwa cha habari!! Afu picha ya mhusika wameizungushia duara jekundu na mshale juu, ili hata asiyejua kusoma asipitwe. Mdogo wangu nilimbembeleza wee mpaka akakubali kukisoma hicho kitabu, mtu ambaye kitabu cha mwisho kushika kilikuwa cha mtihani, kafika katikati anaanza kunipigia usiku kunitajia watu anaowashuku, leo huyu kesho yule, nafurahi kimoyomoyo nasema huyu tayari kanasa. Simu ikamletea hiyo video yenyewe bila kuitafuta. Kanirudishia kitabu. "Bro nishajua." Basi imeisha hiyo.

Na kile kitabu kilipotoka Waingereza waligombana kweli, wengine wakasema mwandishi kawachezea rafu, wengine akiwemo Dorothy Sayers ambaye naye alikuwa mwandishi wa upelelezi wakasema hakuna rafu hapo, kazi ya msomaji ni kumshuku kila mtu na dalili zote alipewa. Ugomvi wenyewe mpaka leo haujaisha. Ukikisoma mara ya pili unaona kila sentensi imekaa mguu upande, unacheka peke yako, unajiuliza hili nililipitaje. Sasa mtu aliyeanzia kwenye jibu hiyo raha ya mara ya pili ataitoa wapi na ya kwanza ameshaibiwa?

Huyohuyo Christie ana mchezo wa jukwaani London ulianza 1952 na unachezwa mpaka leo, korona tu ndo iliwahi kuusimamisha, na kila ukiisha waigizaji wanawaomba watazamaji wasiende kusema nje muuaji ni nani. Wanaomba tu, hakuna polisi wala faini, na watu kizazi kwa kizazi wametii. Kuna picha ya Kifaransa ya 1955, ya mwongozaji Clouzot, ikiisha yanatokea maandishi kuwaomba watazamaji wasiwaharibie wenzao. Hitchcock 1960 kwenye Psycho akaweka sheria picha ikishaanza haingii mtu, umechelewa subiri shoo inayofuata. Hao wote walikuwa wajinga, wakuu? Au walikuwa wanajua wanauza nini?

Haya tuje kwenye Frankenstein ya 1931 maana hapa ndo nilitaka kuitupa simu.

Ile picha inapoanza wanaandika majina ya waigizaji, ukifika kwenye zimwi hakuna jina, kuna alama ya kuulizia. "?" tu. Boris Karloff jina lake halionekani mpaka mwisho. Yani studio yenyewe iliamua kukuficha hata aliyevaa ile sura. Afu unasubirishwa, karibu nusu saa ya picha ambayo nzima ni kama dakika 70, unasikia hatua zake kwanza, mlango unafunguka, lile jitu linaingia kinyumenyume, unaona mgongo. Mgongo! Linageuka polepole, afu kamera inakata inasogea, inakata tena inasogea, mpaka umekutana na yale macho yaliyosinzia. Fundi wa mekapu Jack Pierce alikuwa anamkalisha Karloff masaa kibao kumtengeneza uso ule na mwongozaji James Whale kaupa mlango wake wa kuingilia. Sasa msimuliaji wetu anafanyaje? Picha ya kwanza kabisa ya video ni uso wa Karloff umejaa skrini, na sauti inasema "jamaa akatengeneza zombi lake hapo likaanza kuua watu". Sekunde ya tano. ZOMBI. Kwenye kitabu cha Mary Shelley (1818) hicho kiumbe kinajifunza kusoma chenyewe, kinasoma mpaka utenzi wa Milton, yule mshairi wa Kiingereza, kinaongea kuliko hata aliyekitengeneza, afu mtu anakiita zombi lake.

Bado. Dracula ya mwaka huohuo, ya Bela Lugosi. Ile picha haina muziki, ukiacha kipande cha mwanzo kwenye majina na ile sehemu wako ukumbini. Zaidi ya hapo ni kimya, unasikia mlango, mbwa mwitu kwa mbali, na Lugosi anavyovuta maneno. Wapo wanaosema ni ubovu, ilikuwa mwanzo wa picha za sauti hawajazoea, na ni kweli 1998 Philip Glass alipewa kazi ya kuitungia muziki, mimi sikatai. Ila kaa nayo usiku taa umezima na feni umezima uone kile kimya kinavyokukalia shingoni. Hawa jamaa wameweka chini yake biti la singeli. Sitanii wakuu. Dracula anashuka ngazi na mshumaa, utando wa buibui nyuma yake, chini inapiga singeli, na juu yake mtu anaongea bila kuvuta pumzi.

Na uongo juu. Eti msaidizi wa daktari kwenye Frankenstein ya 1931 anaitwa Igor. Anaitwa Fritz, Ygor alikuja 1939 kwenye picha ya tatu na aliyemcheza ni Lugosi huyohuyo. Eti "kwenye kitabu Dracula akipigwa na jua anaungua". Kitabu cha 1897 Dracula anatembea London mchana kweupe, nguvu zinapungua tu. Jua kuua lilitoka kwenye Nosferatu ya 1922, ile ambayo mjane wa Stoker, mwandishi wa kitabu, aliishitaki mahakama ikaamuru nakala ziharibiwe, bahati zingine zikabaki. Kama unatuharibia utamu basi angalau useme kweli!

Najua watakuja watu hapa na "mkuu hayo ni mambo ya kizungu, ya zamani, unalilia nini". Ndugu yangu, kilio hiki kina zaidi ya miaka 200. 1794 Ann Radcliffe aliandika riwaya ya juzuu nne, binti anaitwa Emily kafungiwa kwenye ngome huko milimani Italia, kwenye chumba kimoja kuna pazia jeusi, analifunua, anaona kitu, anazimia. Mwandishi hasemi kaona nini. Unageuza kurasa, mamia, hasemi, anakuja kusema mwishoni kabisa. Sasa kwenye Northanger Abbey ya Jane Austen, iliyotoka mwishoni mwa 1817, kuna msichana Catherine anakisoma hichohicho kitabu, rafiki yake ameshakimaliza anataka kumwambia nyuma ya pazia kuna nini, Catherine anakataa katakata, hataki kuambiwa kwa hali yoyote, anakisia lazima ni mifupa ya mtu na anafurahi na makisio yake. Sijui kama kuna mtu ameshawahi kunielewa kama yule msichana.

Halafu angalieni kilichompata Jekyll na Hyde. 1886 ile ilikuwa hadithi ya fumbo, unamfuata wakili Utterson anajiuliza kwa nini rafiki yake msomi mwenye heshima zake kamwandikia urithi wote yule katili asiyejulikana katoka wapi, anamtishia kwa siri gani. Siri ilikuwa imefungwa kwenye barua za mwishomwisho. Leo nani anaisoma hivyo? Mtu hajawahi kushika kitabu ila jibu analo, kalipata kwenye katuni. Tukiendelea na mwendo huu kila kitabu kitafika hapo.

Na msinambie ni ya kizungu tu. Mzee Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, Mzimu wa Watu wa Kale kilishinda shindano la uandishi la 1957-58 kikachapwa 1960, mpelelezi ni Bwana Msa na kiko chake, rafiki yake Najum pembeni anahangaika kama sisi wasomaji. Maiti imekutwa kwenye mzimu, watu wanaogopa, wana maelezo yao ya mizimu, Bwana Msa anavuta tu kiko anauliza vimaswali vidogo vidogo. Halafu Kisima cha Giningi, Giningi hiyohiyo ya hadithi za wachawi za Visiwani. Hicho ni kigiza chetu wenyewe, kisima, pango, minong'ono, halafu mtu mmoja mwenye akili anakataa kuogopa. Wiki iliyopita kwenye grupu la vitabu nililomo mtu kauliza kwa adabu, "wadau nataka kuanza Bwana Msa nianzie wapi", admin mzima kamjibu kwa kumtajia muuaji na sababu na emoji ya kucheka. Nimelalamika, nimeambiwa kitabu cha miaka 60 hakina siri. Kwa aliyezaliwa juzi kina siri mkuu!! Kitabu kinakuwa kipya kwa kila anayekifungua.

"Muda hatuna." Frankenstein ni dakika 70, mpira unaangalia 90 na nyongeza na uchambuzi. "Kiingereza kinatupiga chenga." Hili nalikubali, na silidharau hata kidogo, wengi wetu tumekulia kwenye vibanda umiza enzi za mtafsiri Lufufu. Lakini mtafsiri wa kibandani alikuwa anakwenda na wewe. Picha inacheza yote, yeye anatia chumvi, anatukana adui, anacheka, ila kwenye siri alikuwa ananyamaza, anakwambia "tulia uone", na wewe unatulia. Alijua akisema mapema watu wanasimama wanadai hela yao. Huyu wa dakika kumi akimaliza kukuibia anakwambia gonga kengele.

Siombi wafungiwe, watu wanatafuta riziki. Muuaji akae ndani ya video sio kwenye kichwa, useme mapema "namaliza mpaka mwisho" anayetaka kukimbia akimbie, na hilo biti mtoe kwenye Dracula jamani nawaomba, mtoe leo.

Mwenye nakala safi ya The Invisible Man ya 1933 yenye manukuu ya Kiswahili, isiyotiwa rangi na isiyo na mtu anaongea juu yake, aniwekee hapa, nataka kumrudisha mdogo wangu kundini kwa njia hiyo. Na ole wake atakayekuja kwenye komenti kusema sura ya steringi wake Claude Rains inaonekana lini.