Mrejesho: Mwalimu wetu wa hisabati amebaki

Hamjambo ndugu zangu. Niliwauliza tufanyeje ili mwalimu wa hisabati wa sekondari msingi, huku kwetu Ahero, Kenya, asituache. Ameajiriwa na bodi ya shule, si TSC, ile tume ya serikali inayoajiri walimu, na alikuwa amekaa miezi mitatu bila mshahara.

Nilimsikiliza yule aliyeniambia tuanze na hesabu za fedha za shule kabla ya kumlaumu mtu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inawapa wazazi wawakilishi kwenye bodi ya usimamizi, basi tukawatuma waombe hesabu zisomwe mkutanoni. Mwalimu mkuu alisita, kisha akafungua daftari. Serikali hutenga shilingi 15,042 kwa kila mwanafunzi wa sekondari msingi kwa mwaka, ila kwetu zilikuwa zimefika nusunusu. Na ule mchango wetu wa kumlipa mwalimu? Ulikuwa umejenga lango. Lango! Niliumia sana.

Sasa mshahara unatoka kila tarehe 5, na karatasi ya mapato na matumizi hubandikwa mlangoni mwa ofisi.

Jumatatu nilimkuta darasani, vumbi la chaki hadi viwikoni, amechora majaruba ya mpunga ubaoni na watoto wanatafuta eneo. Akaniambia, "Mama, kilichonichosha si pesa tu. Hakuna aliyekuwa ananieleza lolote."

Wa sayansi hatukumuwahi. Amehamia shule ya kibinafsi Kisumu mjini. Bodi inahoji watu Alhamisi, nami nitakuwepo.

Asanteni sana.