Kijana wangu anaripoti JKT Mafinga wiki ijayo, mliopitia hili mlifanyaje?

Mama wa Nkuhungu

Habari zenu wadau, mnivumilie nitaandika ndefu maana hapa nyumbani sina wa kumwambia. Mwanangu wa kwanza kamaliza fomu siksi mwezi wa tano, majina ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria yametoka na ye kapangiwa Mafinga. Nilikua naomba kimoyomoyo wamuweke Makutupora hapa hapa Dodoma, najua nisingeruhusiwa kwenda kumuona ninavyotaka ila ningelala nikijua yuko njia ya Kondoa tu hapo, daladala moja. Mafinga ni mpaka upite Mtera, uvuke Iringa mjini ndo uendelee.

Ye mwenyewe kafurahi, saa kumi na moja alfajiri ashatoka anakimbia mpaka Kizota na kurudi. Mi ndo sina amani. Kwanza ana pumu, sio kali sana ila baridi ikizidi inambana na Mafinga mwezi wa sita nasikia ni baridi kweli kweli. Pili simu, nimeambiwa huko hawakai na simu, sasa miezi mitatu nitajuaje yuko salama? Baba yao alitangulia mbele za haki, huyu ndo nimelea nae wadogo zake wawili, kila jioni anakuja sokoni Majengo tunafunga meza ananibebea magunia tunarudi wote. Jana nilikua nakunja yale mashuka yake ya bluu bahari, nikaishia kukaa kitandani kwake nimeyashika tu.

Mnisaidie, hasa la pumu, asemee au anyamaze? Anaogopa akisema watamuona mzembe.

Mama Tuma Kibaigwa

Pole mama mwenzangu. Wangu wa kike alipangiwa Bulombora, Kigoma, huko nje kabisa, basi likitoka hapa Dodoma unajua hilo halirudi leo. Nikwambie ukweli kilichonitesa sio kwata wala jua, ni kimya. Simu yake aliiacha nyumbani, nikawa naichaji kila siku sijui kwa nini, hakuna anayeipigia.

Jambo moja la muhimu kabla hajaondoka, akariri namba yako kichwani. Watoto wa siku hizi hawajui namba ya mtu, wamezisevu tu. Wangu aliazimwa simu ya mtu akashindwa kunipigia kwa sababu hakumbuki, siku nyingi zikapita bure mpaka akapata namba ya mjomba wake aliyokua kaiandika nyuma ya daftari. Mwambie akuandikie mara kumi kwenye karatasi bila kuangalia. Na ukiona namba ngeni usipuuze hata ukiwa na mteja mezani.

Lingine, matokeo ya fomu siksi yatatoka yuko kambini, kwa hiyo wewe ndo utayaona mapema. Na mambo ya bodi ya mikopo yanaangukia humo humo, cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, ile ofisi ya usajili wa vizazi na vifo, sasa hivi, usisubiri arudi. Mimi nilikimbizana na makaratasi peke yangu, mtoto yuko Kigoma na saini yake inatakiwa.

Mzee wa Hombolo

Mbukwa mama. Mimi niliingia Mafinga mwaka 87, enzi hizo ilikua mwaka mzima sio miezi mitatu, kabla serikali haijasimamisha mwaka 1994. Nyie wa sasa ilirudishwa 2013 na muda ukapunguzwa. Baridi ya kule usiichukulie kama ya Dodoma ya upepo, kule kuna ukungu na majani yanaloa, ukigusa maji asubuhi mikono inauma. Mnunulie sweta zito na soksi nene, chakula usimhangaikie atakula.

Mama yangu hakujua kusoma. Nilimwandikia barua tatu, zikasomwa na mwalimu wa pale kijijini, na nilikuja kujua baadae kwamba alimuombaga mwalimu azisome tena na tena mpaka akazishika kichwani. Mi kule nilikua namuwaza siku za mwanzo tu, baada ya wiki mbili tatu mtu unachoka mpaka unasinzia umesimama, huna nafasi ya kuwaza nyumbani. Kwa hiyo ukikosa simu yake usidhani analia mahali, mara nyingi kalala fofofo.

Kuruta wa Juzi

Mama shikamoo. La pumu naomba unisikilize vizuri, ASEME. Tena aseme siku ya kwanza, pale kwenye upimaji wa afya, asingoje imbane katikati ya mchakamchaka. Mpeleke hospitali anakotibiwa wiki hii wampe barua ya daktari yenye muhuri, atoe kopi mbili, na inhela abebe mbili sio moja maana ikiisha huko porini utaitoa wapi. Kombania yetu tulikua na mwenzetu wa pumu, alisema mapema, afande akamjua kwa jina, mbio ndefu hakupangwa, alikua bustani na jikoni na siku ya kufunga mafunzo alivaa kombati na kula kiapo kama sisi. Na kuna mwingine alificha tatizo lake la goti, wiki ya pili akashindwa hata kutembea, hakuna aliyemsifia kwa kuficha.

Na kingine mama, siku ya kumsindikiza usilie mbele yake sana. Sio kwamba ni vibaya, ila mimi mama alilia stendi na ile sura ndo nilikua naiona kila usiku mwezi wa kwanza wote.

Dada wa Singida

Mi siafikiani na hilo la kutokulia. Mama yangu alijikaza mpaka kaka akapanda basi bila neno, kaka mpaka leo anasema alidhani mama hakujali. Lia kidogo, mwambie unampenda, basi. Afu huyo mdogo wake anayefata muanzishe kuja sokoni jioni, usirudi peke yako na magunia na mawazo.

Mama wa Nkuhungu

Asanteni sana jamani, Mzee wangu salamu yako ya mbukwa imenifikia. Naleta mrejesho. Barua ya daktari tulipata, mwanzoni kijana alikataa nikamsomea hayo maneno ya Kuruta, akakaa kimya akaichukua akaiweka kwenye bahasha moja na vyeti. Namba kaishika, nilikua namshtukiza akiwa anakula, anaitaja yote. RITA tumeshalipia.

Kaondoka jumamosi alfajiri stendi ya Nane Nane. Nililia, dada wa Singida, nilishindwa, ila kidogo, akanifuta na ile fulana yake ya kijani. Mdogo wake wa miaka kumi na mbili jana kaja sokoni mwenyewe bila kuitwa, hawezi kubeba gunia ila alishika upande mmoja tukaburuza mpaka stoo.

Leo siku ya nne hajapiga. Simu nimeiweka kifuani muda wote. Mama Tuma, wako alichukua siku ngapi?

Mama Tuma Kibaigwa

Kumi na moja. Ilikua namba ngeni, saa moja usiku, aliongea dakika mbili tu akaniuliza mbuzi kazaa?