Kimbunga kikishaikwepa Dar, habari imeisha?

Mleta mada

Wakuu, hili nimekaa nalo tangu Mei 2024. Naona bora nilimwage hapa mlichambue.

Jumamosi ya tarehe 4 mwezi ule nilipanda basi la alfajiri Mbagala kwenda Lindi. Shangazi yangu alifariki Ijumaa jioni, na maziko yalipangwa baada ya alasiri ili sisi wa Dar tuwahi. Kwamba Kimbunga Hidaya kinakuja tulijua. Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) ilikuwa inatangaza kila mara, boti za Unguja zimesitishwa, na mtaani kwetu mishumaa ilishaisha madukani. Lakini maiti haisubiri hali ya hewa.

Anayepita njia ya kusini anaijua Somanga kwa samaki wa kukaanga, wale wanaonyanyuliwa na masinia hadi dirishani kwako. Siku hiyo hapakuwa na sinia hata moja. Kulikuwa na malori yamepanga foleni na watu wamejikunyata kwenye vibaraza. Konda akashuka kwenda kuangalia mbele, akarudi suruali imelowa hadi mapajani, akasema tuta limeliwa na maji, hapapitiki. Tukalala humohumo garini. Mtoto wa kiti cha mbele yangu alilia mpaka sauti ikakauka. Mama yake alikuwa na pakiti moja ya biskuti, akawa anaihesabu.

Usiku dereva akawasha redio. Tukasikia kwamba kimbunga kimeingia nchi kavu kisiwani Mafia, kimepoteza nguvu kabisa, na hakuna tishio tena. Mzee mmoja kule nyuma akauliza, "Kimeishia wapi hicho?" Basi zima likacheka, kile kicheko cha watu wenye njaa.

Sisemi TMA walidanganya. Kimbunga kinapimwa kwa upepo, na upepo ulikuwa umeshuka kweli. Kinachoniuma ni kilichofuata. Kesho yake vichwa vya habari, vya hapa na vya nje, vilikuwa na wimbo mmoja: Tanzania na Kenya zimenusurika. Nani kanusurika? Mtwara ilishapata zaidi ya milimita 75 za mvua ndani ya saa 12, wakati wastani wa Mei nzima ni 54. Barabara kuu ya Dar–Lindi–Mtwara ilikatika sehemu kadhaa wilayani Kilwa. Aliyetaka kufika Lindi kwa gari ilibidi azungukie Iringa, Songea, Tunduru, Masasi, zaidi ya kilomita 1,300, badala ya zile 450 hivi za siku zote. Mikoa miwili ikawa kisiwa na nchi ikaendelea na ligi.

Linganisheni na Kimbunga Jobo, Aprili 2021. Kile kilielekezwa Dar. Kila simu ilikuwa na ramani, runinga zikatangaza moja kwa moja kutoka ufukweni, ofisi zikawaza kufunga. Jobo kikasambaratika kikikaribia pwani, hakikung'oa hata mwembe wa kwetu. Hadi leo mtu wa Dar ukimuuliza kimbunga anachokikumbuka, atakutajia hicho.

Hoja yangu: dhoruba nchi hii inapimwa kwa Dar. Ikiikwepa, serikali inapunguza sauti na vyombo vya habari vinafunga daftari. Pingeni.

Mhariri wa zamani

Pole na msiba, dada. Nimekaa chumba cha habari miaka mingi, niruhusu nikupinge.

Unasema serikali ilipunguza sauti kwa sababu ni kusini. Waziri Mkuu wakati huo alikuwa Majaliwa, mbunge wa Ruangwa, mkoa huohuo wa Lindi. Waziri wa Ujenzi, Bashungwa, alikwenda akapiga kambi barabarani, na magari yakaanza kupita baada ya siku chache tu. Madaraja mangapi ya mikoa mingine yamesubiri miezi? Rada ya hali ya hewa ipo Mtwara, mikoa mingi haina. Huko si kutengwa ninakokujua mimi.

Kuhusu habari, nikupe Hanang, mkoani Manyara. Tarehe 3 Desemba 2023 tope liliporomoka kutoka mlimani hadi Katesh, watu zaidi ya 80 wakafa. Rais Samia alikuwa Dubai kwenye mkutano wa tabianchi, akakatisha safari akarudi. Kila chombo kilipeleka mtu. Katesh si Masaki ya Dar, dada. Habari ya maafa inaendeshwa na vifo na picha. Hidaya, Mungu ashukuriwe, hakikuwa na vifo vingi. Unaweza kuuita huo ukatili wa kazi yetu, nakubali. Ukanda, hapana.

Mvuvi wa Mafia

Mimi nitasema machache. Tahadhari ilitufika, tena mapema. Simu, redio, na vipaza sauti vya misikiti. Tukavuta vyombo juu, tukafunga. Nawapongeza waliotoa tahadhari, kwa sababu bila hiyo leo ningekuwa naongea mengine.

Baadaye mtendaji akaja na daftari la kaunta. Jina, idadi ya mashua, idadi ya madema, bati zilizong'oka. Mimi niliandikwa ukurasa wa tatu, nikaona kwa macho yangu. Mpaka leo sijui daftari lile liko wapi. Ndiyo hayo tu.

Mleta mada

Mhariri, nakushukuru umenipinga kwa vitu, si kwa matusi. Majaliwa nakubali, nilimsahau kwa makusudi kidogo.

Ila Hanang unanipa wewe silaha. Katesh ipo kwenye lami ya Babati kwenda Singida. Waandishi walifika kwa magari, wakalipiga picha tope likiwa bado bichi, nchi ikalia. Kule Kilwa kilichovunjika ni barabara yenyewe, ile ambayo gari la runinga lingepita. Kwa hiyo mkoa wenye njia moja ukikatwa, unakatwa na habari zake pia, halafu mnasema hapakuwa na picha. Picha zilikuwepo. Simu yangu ilikuwa nazo kumi na mbili mpaka chaji ilipoisha. Hakuna aliyeziomba.

Kijana wa mjini

Kusini kwa kulalamika hamjambo. Gesi mlilalamika, korosho mlilalamika, sasa upepo. Mnataka upepo nao uombe radhi?

Mtu wa Nachingwea

Huyo hapo juu msimjibu kwa hasira, anatusaidia kuonyesha mada. Mwaka 2013 watu wa Mtwara walipouliza kwa nini gesi yao inapelekewa bomba hadi Dar, jibu lilikuwa kwamba rasilimali ni ya taifa zima. Sawa kabisa. Sasa mbona gesi ni ya taifa na tope ni la Kilwa?

Na historia iwekwe sawa. Wazee wetu hawakuanza kuisikia habari ya vimbunga kwa Hidaya. Aprili 1952 kimbunga kiliipiga Lindi, kikaua watu, na bibi yangu alikuwa anahesabu umri wa wanawe kwa "kabla ya upepo" na "baada ya upepo". Muulize mtu wa Dar kuhusu 1952 uone. Daraja la Mkapa pale Rufiji lilifunguliwa 2003; kabla yake masika yakikolea tulikuwa tunakaa wiki tukisubiri kuvuka. Kwa hiyo kukatika kwetu hakukuja na tabianchi. Tabianchi imekuta tumeshakatika.

Abiria wa Garsen

Ndugu zangu wa Tanzania, msidhani ni nyinyi peke yenu. Mimi ni wa Tana River huku Kenya.

Novemba 2023 mvua za El Niño zilikata barabara ya Garissa, na sisi wa chini ya mto tukahamia kwenye matuta na ng'ombe wetu. Tuliandikwa, siwezi kusema hatukuandikwa, lakini tuliandikwa kama hali ya kawaida: Tana imefurika tena. Hilo neno "tena" linaua. Aprili 2024 maji yalipoingia Mathare, Nairobi, ndipo ikawa dharura ya taifa asubuhi na jioni.

Tarehe 28 Aprili watu walikuwa wanavuka kwa boti pale Kona Punda, upande wa Madogo, kwa sababu barabara iko chini ya maji. Boti ikapinduka. Nchi iliona kwa sababu mtu alikuwa anarekodi na simu ng'ambo. Usiku wa kuamkia kesho yake maji yakabomoka Mai Mahiu, makumi wakafa, na kamera zikaelekea huko. Siwalaumu, msiba wa Mai Mahiu ulikuwa mzito mno. Lakini Mai Mahiu ukitoka Nairobi unafika kabla chai haijapoa kwenye chupa. Kwetu ni siku nzima, kama barabara ipo.

Na hicho Hidaya chenu: tarehe 3 Mei Rais Ruto alihutubia nchi akasema huenda Kenya ikapata kimbunga cha kwanza katika historia yake, shule zikaahirishwa. Kwa siku mbili pwani yetu ilikuwa muhimu kuliko kawaida. Kilipokosa kutufika, tukarudi kwenye "tena".

Mngazija wa Kariakoo

Mhariri kasema habari huendeshwa na vifo. Hesabu hii inamkataa.

Desemba 2024, Kimbunga Chido kilipiga Maore (Mayotte), kisiwa kilicho chini ya Ufaransa, tarehe 14, kikaingia kaskazini mwa Msumbiji tarehe 15, upande wa Mecúfi, Cabo Delgado. Kwa hesabu rasmi Maore walikufa watu 40 hivi, ingawa pale wengi hawaamini hesabu hiyo. Msumbiji walikufa 120. Kamera za dunia zilikaa wapi? Maore, kwa sababu ni Ufaransa. Rais wao, Macron, alifika ndani ya wiki. Cabo Delgado, ambako watu walikuwa tayari wamekimbia vita mara mbili tatu, ikawa sentensi ya mwisho ya taarifa.

Ila msidhani Maore walikula asali. Watu wa Maore ni ndugu zetu, lugha yao na Kiswahili ni mtu na dada yake. Walimzomea Macron kwa sababu maji hayafiki, naye akawajibu kwamba isingekuwa Ufaransa hali yao ingekuwa mbaya mara elfu kumi, kwa neno ambalo siwezi kuliandika hapa. Kwa hiyo kuna ngazi: Paris juu ya Maore, Maore juu ya Mecúfi. Kila aliye juu anamwambia wa chini ashukuru.

Mhariri wa zamani

Nimesoma yote. Mngazija amenishika pabaya, na sitajitetea kwa Msumbiji.

Nitasema moja ninalolijua mwenyewe. Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilipokuwa kinatishia Mtwara, tulikuwa na ukurasa mzima, ramani, mahojiano, watu wanahamishwa. Kilipoingia Cabo Delgado, ng'ambo tu ya Ruvuma, ambako Wamakonde wana ndugu pande zote mbili, tuliondoa ukurasa jioni ileile. Mimi ndiye niliyeuondoa. Niliweka tangazo la benki.

Lakini elewa pia upande wa fedha. Mwandishi wetu wa wilayani alikuwa analipwa kwa habari iliyotoka. Nauli yake, bodaboda yake, vocha yake. Akienda Somanga siku mbili, akatuma, na mimi nikaikata ikawa aya tatu ukurasa wa 9, amekula hasara. Mara ya pili haendi. Atapiga simu kwa ofisa na kuandika alichoambiwa. Ndiyo maana habari za mikoani zinasikika kama hotuba ya mkuu wa wilaya. Hakuna mtu aliyekaa chini akasema tuwapuuze kusini.

Mtu wa Nachingwea

Hilo ndilo baya zaidi, mzee wangu. Angekuwepo mtu aliyekaa chini, tungejua pa kumpata.

Mwanasheria mdogo

Nichomeke kitu. Tuna Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, yenye kamati kuanzia taifa hadi kijijini. Kwa hiyo daftari la mvuvi wa Mafia lina mwenyewe kisheria, halikuanguka kutoka mbinguni. Mimi ningependa mjadala utoke kwenye "mnatupenda, hamtupendi" uende hapo: orodha za waathirika zibandikwe ubao wa kijiji, na wilaya iseme kila jina limefanyiwa nini. Hata kama jibu ni "hapana", liandikwe. Mwandishi akiwa na orodha hiyo mkononi hahitaji kusubiri waziri afike.

Kijana wa mjini

Sawa, hilo la ubao nakubali. Upepo usiombe radhi.

Mleta mada

Mwanasheria, hilo nimelichukua. Mvuvi, kama bado upo, uliza ofisi ya kijiji kuhusu ule ukurasa wa tatu, utuletee jibu hapa.

Mhariri, tangazo la benki limeniuma, ila nakuheshimu kwa kulisema.

Mlioniuliza pembeni: sikuwahi maziko. Baada ya usiku wa pili tuligeuzwa kurudi Dar, shangazi akazikwa na majirani, binamu yangu akanishikia simu karibu na kaburi mpaka mtandao ulipokata. Nilikwenda arobaini yake, Juni. Pale Somanga basi lilitambaa juu ya kifusi kipya, abiria wote kimya, na masinia ya samaki yakaja dirishani kama kawaida. Nilinunua changu wawili. Dada aliyeniuzia nilimuuliza siku zile walikula nini. Akasema, "Samaki. Tungewauzia nani?"

Aprili mwaka uliofuata mvua zikakata tena palepale Somanga. Niliisikia kwanza kwa konda, kwenye simu.