Naomba ushauri: nipime vipi injini za sataranji kwenye mashambulizi ya kafara?

Habari zenu wadau. Nataka kulinganisha Stockfish na Leela, programu mbili za kompyuta zinazocheza sataranji, kwenye nafasi (mpangilio wa kete ubaoni) ambazo mchezaji anatoa kete nzito ili amfuate mfalme. Nafasi yangu ya kwanza ni Kasparov dhidi ya Topalov, Wijk aan Zee 1999, hatua ya 24, pale ngome nyeupe inapokula kitunda kwenye mraba wa d4.

Hapo ndipo ninapokwama. Topalov aliila ile ngome, mfalme wake akaburutwa hadi upande wa weupe. Lakini angesogeza mfalme b6 badala ya kula, angejinasua. Sasa injini ikiikataa kafara hiyo, niihesabie imekosa au imeona mbali kuliko sisi? Kwa maoni yangu kafara tamu siyo lazima iwe sahihi, ila naogopa nikiondoa zote zenye utata nitabaki na mafumbo mepesi tu.

Jambo la pili ni usawa. Stockfish inapekua nafasi nyingi mno kwa sekunde, Leela chache sana, kwa hiyo kuzipa idadi sawa ya nafasi naona ni uonevu. Niende na muda? Stockfish naiendesha kwa uzi mmoja (mkondo mmoja wa hesabu kwenye kompyuta) na kusafisha kumbukumbu kabla ya kila nafasi, maana nyuzi zikiwa nyingi majibu hubadilika kila nikirudia.

Aliyewahi kupanga majaribio ya namna hii anisaidie tafadhali: mnaangalia hatua iliyochaguliwa, au tathmini (alama ambayo injini inaipa nafasi) inavyopanda?